"Kipo cha Chini, Kaka"

Tangu Kenya, Uganda na Tanzania zipewe uenyeji wa AFCON 2027, fainali za soka za mataifa ya Afrika, na zaidi baada ya nchi hizo tatu kuandaa CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti 2025, mjadala wa hoteli umekuwa mjadala wa vitanda. Arusha vitanda vitatosha? Hoima je, ambako Uganda imeamua kuweka uwanja mpya? Ni maswali ya haki. Pembeni kabisa limewekwa swali la wageni wenye ulemavu, na jibu lake nalo limekuwa la kuhesabu: hoteli mpya zitakuwa na lifti, zitakuwa na njia za mteremko, zitatenga vyumba kadhaa, basi. Nadhani swali tumelisoma vibaya. Kwa anayesafiri na kiti mwendo, tatizo la kwanza si kwamba vyumba havipo. Vichache vipo, na vinaongezeka. Tatizo ni kwamba hawezi kujua viko wapi, vikoje, na kama akilipia leo atakikuta chake siku ya kufika. Chumba nisichoweza kukibuku kwa uhakika nikiwa bado sebuleni kwangu hakinisaidii, hata kama mwenye hoteli alikijenga kwa vipimo vyote vya dunia.

Mazungumzo yenyewe nimeyazoea kama salamu. Napiga simu mapokezi, naeleza kuwa natumia kiti mwendo, nauliza kama kuna chumba kitakachonifaa. "Kipo cha chini, kaka." Mlango wa bafu upana wake ukoje? "Wa kawaida tu." Kuna ngazi? "Hakuna ngazi kabisa, karibu sana." Nafika. Chumba ni cha chini kweli. Ila kutoka maegesho hadi barazani kuna ngazi tatu, ambazo hazikuhesabiwa kwa kuwa ziko nje. Bafu limeinuka sentimita kama 15 juu ya sakafu ya chumba, kwa sababu fundi alipitisha mabomba ya maji machafu juu ya zege badala ya kuyazika, na ile haiitwi ngazi, ni "kizingiti kidogo". Mlango wake ni wa futi mbili na nusu, yaani sentimita 76 ukiwa dukani. Toa fremu, toa unene wa ubao unaobaki njiani hata mlango ukiwa wazi, inabaki 67. Kiti changu kina 66, na hapo sijahesabu vidole vyangu vinavyosukuma magurudumu. Hakuna aliyenidanganya. Yule dada alijibu kila swali kwa ukweli wa mtu anayetembea.

Ndiyo maana maneno "chumba cha chini" yananitia wasiwasi kuliko kuniambia hakuna. Yanachukulia kwamba shida ya mtu mwenye kiti mwendo ni kupanda, ukimwondolea ngazi za ghorofani umemaliza. Kumbe safari ya kulala hotelini ni mnyororo: maegesho, mlango mkuu, kaunta, korido, mlango wa chumba, nafasi ya kugeuza kiti, kitanda, choo, mahali pa kuogea, meza ya chai asubuhi. Kiungo kimoja kikikatika, vingine vyote ni pambo. Kitanda peke yake kinaweza kukuharibia usiku. Kikalio cha kiti mwendo changu kiko sentimita 50 kutoka chini; vitanda vya kisasa vyenye magodoro mawili mawili vinafika 70, na ukienda Unguja ukapewa samadari, kitanda kile kizuri cha nguzo nne ambacho hata mwenye miguu hukipanda kwa kibao, utalala ukikitazama.

Sheria zetu haziko kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kenya iliuridhia 2008. Katiba yake ya 2010, ibara ya 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Sheria yake ya 2003 iliwapa wenye majengo yanayotumiwa na umma miaka mitano wayarekebishe, muda uliokwisha zamani bila kelele, na mwaka 2025 imekuja sheria mpya mahali pake. Ukiusoma Mkataba wenyewe, ibara ya 9 inataja majengo na habari kwa pumzi moja, na ibara ya 30 inataja hata maeneo ya utalii. Lakini tulipotoka kwenye karatasi kwenda kwenye saruji, tulishika jengo tukaacha habari. Mkaguzi akija anaangalia kama mteremko upo. Haulizi mgeni wa Mtwara atajuaje kwamba upo, wala kama dada wa mapokezi anaweza kumwambia mwinuko wake.

Kosa hili si letu peke yetu, na hapo ndipo pana faida ya kujifunza kwa waliotangulia kuanguka. Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya watu wenye ulemavu mwaka 1990, na vipimo vikafuata vya kila kitu: uwazi wa mlango usipungue sentimita 81, duara la kugeuzia kiti liwe na upana wa sentimita 152, kiti cha choo kiwe kati ya sentimita 43 na 48 kutoka sakafuni. Hoteli ya vyumba 51 hadi 75 lazima iwe na vinne vya namna hiyo, na kimoja kati yake kiwe na bafu ambalo kiti kinaingia moja kwa moja mpaka chini ya maji. (Urefu wa kitanda waliusahau, na hadi leo wanaugombania.) Vyumba vikajengwa. Na bado wageni wenye viti mwendo wakaendelea kulala kwenye sofa za mapokezi, kwa sababu chumba walichobuku kwa simu kilikuwa kimegawiwa asubuhi kwa mgeni wa kwanza kufika, au tovuti iliwaruhusu watu wote kubuku isipokuwa wao, waliotakiwa kupiga simu na kungoja. Ikabidi zitungwe kanuni mpya mwaka 2010, zilizoanza kutumika rasmi Machi 2012, zinazohusu kubuku kwenyewe. Hoteli itoe nafasi kwa njia na saa zile zile inazowapa wengine. Ieleze chumba kwa undani wa kutosha mtu aamue mwenyewe kama kitamfaa. Chumba hicho kiuzwe mwisho, baada ya vingine vya aina yake kuisha. Na kikishabukiwa, kiwe ni hicho hicho, kitolewe sokoni, kisibadilishwe. Tangu sheria mpaka kanuni hizo kutumika ilipita miaka 22. Sisi tunajenga sasa, tuna tovuti sasa, na sioni kwa nini tuingoje miaka hiyo kwa zamu yetu.

Wengi watasema tovuti kubwa za kubuku zimeshalitatua: kuna kialama cha kiti mwendo, unabonyeza, hoteli zisizofaa zinatoweka kwenye orodha. Jaribu. Alama hiyo mara nyingi inawekwa na mwenye hoteli mwenyewe, bila mtu wa kumkagua, na mara nyingi inahusu hoteli nzima wala si chumba. Mteremko wa mlango mkuu unatosha kumpa mtu moyo wa kuibonyeza. Ukishachagua, unapewa kisanduku cha kuandika "maombi maalumu", na chini yake kuna maandishi madogo kwamba maombi hayo hayahakikishwi. Mto wa ziada uko kwenye kisanduku hicho hicho na mlango ninaoweza kupita. Kampuni ya Airbnb, ambayo kwayo watu hukodisha nyumba zao kwa wageni, iligusa ukweli huu ilipoinunua Accomable mwaka 2017, kampuni ndogo iliyoanzishwa na watu wenye ulemavu, ikaja kudai picha ya kila kitu ambacho mwenye nyumba anadai kuwa nacho. Picha ya mlango ina thamani kuliko alama kumi, ingawa na yenyewe haikuambii sentimita.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu haitoki kwa wenye hoteli. Inatoka kwa watu wema. Wanasema hapa si Ulaya. Hapa mtu haachwi ngazini. Ukifika watatokea vijana wanne, mlinzi, dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita, mhudumu aliyeweka trei chini, watakubeba na kiti chako hadi ghorofa ya pili na hakuna atakayekudai hata mia. Ni kweli, na siwezi kuikejeli, maana nimeishi kwa mikono hiyo. Kuna nchi zenye vipimo vyote ambako ukikwama mbele ya ngazi moja watu wanakupita wakitazama simu. Lakini mikono hiyo inapatikana saa nne asubuhi. Saa nane za usiku, nikibanwa na haja, kati yangu na choo kuna kile kizingiti kidogo, na vijana wote wamelala. Mwanamke anayesafiri peke yake je, awaite wanaume wanne asiowajua wambebe kwenda kuoga? Kiti cha umeme na betri zake kinaweza kuzidi kilo 100, kitabebwa na nani? Na kubeba kwenyewe kuna ufundi. Asiyejua hushika mkono wa kiti, na mikono ya viti vingi imetengenezwa ichomoke. Niliwahi kubaki nimeinama upande mmoja katikati ya ngazi huku kijana wa nyuma ameduwaa na mkono wa kiti juu, kama mtu aliyeng'oa muhogo bila kutarajia. Tulicheka sana, tulipofika chini.

Hata tukisema kubebwa hakuna ubaya, bado hoja hiyo inajibu swali jingine. Ukarimu unaanza nikishafika, nimeshakata tiketi ya basi, nimeshalipa malipo ya awali, mke wangu ameshapangiwa ratiba yake kwa kunifuata. Kubuku kunatangulia hayo yote. Mwenyeji mkarimu anayenieleza kabla kwamba kuna ngazi tatu na vijana wawili wa kunisaidia amenipa nafasi ya kuamua, na huenda nikaja. Asiyenieleza ameniamulia.

Hoja ya pili ni ya hesabu: wateja wenyewe wangapi? Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi kuwa na ulemavu wa aina fulani. Ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu, tofauti inayotokana zaidi na namna ya kuuliza kuliko afya za watu. Chukua hiyo ndogo, bado ni zaidi ya laki tisa, na ni kweli kwamba wengi wao hawatumii kiti mwendo na wengi hawana fedha ya hoteli. Nakubali yote hayo. Lakini anayehesabu vichwa hivyo hajui hoteli za kwetu zinaishi kwa nini. Nje ya fukwe na mbuga, Dodoma, Morogoro, Nakuru, Kisumu, chakula cha hoteli ni warsha, semina na makongamano. Shirika linapoleta washiriki 60 na mmoja wao anatumia kiti mwendo, huyo mmoja ndiye anayechagua ukumbi, kwa sababu mwandaaji hatakubali aibu ya kumwacha nje. Hoteli isiyoweza kujibu swali la mlango wa bafu haikosi chumba kimoja. Inakosa vyumba 60, chai ya saa nne, chakula cha mchana na ukumbi kwa siku tano, wala haitaambiwa ilikosa kwa sababu gani. Harusi na misiba ya ukoo nayo huenda hivyo hivyo: anapolala bibi mwenye kiti ndipo wanapolala wote.

Na gharama ya ninachokidai hapa ni ipi? Kubomoa bafu ni ghali, sibishi. Kulipima si ghali. Moshi niliwahi kupiga simu kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, haina hata nyota, dada wa mapokezi akaniambia, "Ngoja kaka, fundi yupo hapa, niazime futi yake." Nikasikia kandambili zikienda na kurudi. "Sabini na moja. Lakini ukifungua sana mlango unagonga sinki, inabaki sitini na nane." Hilo la sinki singelipata kwenye tovuti yoyote. Nilienda, na nimerudi mara mbili.

Sharti la kuuza chumba mwisho ndilo linalowatisha wenye hoteli zaidi, wanadhani wanaambiwa wakiache kitupu mwaka mzima kikimsubiri mtu mmoja. Sivyo. Hoteli yenye vyumba kumi vya aina moja, kimoja kati yake kikiwa chenye bafu pana, inawapa wageni wa kawaida vile tisa kwanza. Vikijaa, cha kumi kinauzwa kwa yeyote. Usiku ambao hoteli imejaa hakuna kilichopotea. Usiku ambao haijajaa kuna chumba kitupu, ambacho kingekuwepo kwa vyovyote. Kinachobadilika ni kipi kinabaki.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: majengo yetu ni ya kale. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Milango ya kuchonga ina vizingiti vya juu, ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama kama mnazi, na huwezi kutoboa ukuta wa mawe ya matumbawe kila anapokuja mgeni. Yote sahihi, na hakuna aliyewaomba wauguse kwa msumeno mlango hata mmoja. Ninachoomba ni maandishi: ngazi tano mlangoni, kizingiti cha sentimita 30, hakuna lifti, chumba cha chini hakipo. Hakuna sheria ya uhifadhi inayokataza sentensi hiyo. Tena sentensi hiyo inaleta wateja, kwa sababu ulemavu haufanani. Yupo anayetumia kiti barabarani lakini akishika ukuta anaweza ngazi tano, hawezi 30. Alama ya ndiyo na hapana inamfukuza huyo kwenye nyumba anayoiweza, na inanipeleka mimi kwenye nisiyoiweza. Nyumba ya kale ndiyo yenye haja zaidi ya kujieleza, kuliko hoteli mpya ya vioo ambayo angalau unaweza kuibahatisha.

Kuna tahadhari moja kutoka Marekani ambayo naipa uzito. Kanuni hizo za kubuku zilizaa kesi nyingi mno. Mwanamke mmoja wa Florida, Deborah Laufer, alizishtaki mamia ya hoteli kwa tovuti zisizoeleza vyumba vyao, bila nia ya kulala kwenye hoteli hizo, na shauri lake mojawapo lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2023 ililifuta bila kuamua kama ana haki ya kushtaki. Wenye hoteli ndogo waliona ni mradi wa kukamua watu. Wengine walisema bila watu kama yeye hakuna hoteli ingejisumbua. Mimi sitaki tuelekee mahakamani kwa ajili ya sinki. Kwetu kuna njia fupi zaidi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vyake vya kuzipa hoteli nyota, na nyota ni kitu ambacho mwenye hoteli wa hapa yuko tayari kukipigania. Hoteli isiyotangaza vipimo vya chumba chake isipande nyota. Serikali na mashirika, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa vyumba vya semina, waweke sharti hilo hilo kwenye zabuni. Bei ya chai wanaiuliza, idadi ya viti vya ukumbini wanaiuliza, kwa nini mlango usiulizwe.

AFCON ndiyo nafasi ya kuanzia, kwa sababu ya droo. Shabiki wa Senegal au Misri hatajua timu yake inacheza Nairobi, Kampala au Dar es Salaam mpaka makundi yapangwe, na kuanzia siku hiyo kila mtu atakimbilia vyumba vile vile. Mwenye miguu akikosa hoteli atalala kwa rafiki wa rafiki. Mwenye kiti atakuwa anaandika barua pepe kwa hoteli 15, kwa lugha ambayo si yake wala ya anayemjibu, akiuliza upana wa mlango na kujibiwa kwamba anakaribishwa sana. Vipimo hivyo vinapaswa kuwa vimekusanywa kabla. Nchi zote tatu zitaorodhesha hoteli za wageni wa mashindano. Fomu za kuorodhesha zitakuwa na mistari ya idadi ya vyumba, jenereta, maegesho ya mabasi, umbali kutoka uwanjani. Iongezwe mistari mitano: ngazi ngapi kutoka gari mpaka kitandani, urefu wa kitanda, uwazi wa mlango wa chumba, uwazi wa mlango wa bafu ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, kimo cha kizingiti. Kwa sentimita, na jina la aliyepima.